Mashine Ambayo Haijafika

Mwanzoni mwa mwaka 2018, wajitolea wachache wa mradi wa Debian walikuwa wanaandaa mfumo endeshi mzima kwa ajili ya kompyuta ambayo karibu hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Prosesa yake ilikuwa ya jamii ya RISC-V, iliyoanza kubuniwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo yeyote anaruhusiwa kuitengeneza bila kumlipa mtu leseni. Kerneli ya Linux iliipokea rasmi Januari mwaka huo, katika toleo la 4.15. Maktaba ya C ya mradi wa GNU, ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea, ikafuata Februari katika toleo la 2.27. Mwezi huohuo kampuni ya SiFive ilitangaza bodi iitwayo HiFive Unleashed, yenye uwezo wa kuendesha Linux, kwa bei ya dola 999. Mtu binafsi sasa angeweza kuiagiza, lakini kwa fedha hizo angepata kompyuta ya polepole kuliko laptopu ya kawaida.

Debian ina makumi ya maelfu ya vifurushi. Kila kimoja kilipaswa kuundwa upya kwa ajili ya prosesa hii, kijaribiwe, kisha kiwekwe mahali ambapo watu wangekichukua. Kungoja bodi zishuke bei ndipo kazi ianze kungemaanisha kungoja miaka, na tena nani angenunua bodi isiyo na programu? Wakashika njia nyingine: waliijenga mashine hiyo ndani ya mashine walizokuwa nazo tayari, kwa programu tupu, wakaanza kuunda vifurushi humo.

Naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa katika ulimwengu wa programu huria. Ni kazi inayotaka uangalifu pia, kwa sababu mashine ya kuigiza hukubali mambo ambayo mashine halisi ingeyakataa, na hukataa mengine ambayo mashine halisi ingeyakubali. Anayeunda vifurushi ndani yake anapaswa kujua ni wapi aiamini na ni wapi asiiamini.

Programu nyingi za Linux huandikwa kwa lugha kama C, maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Prosesa haiyaelewi. Kompaila huyageuza kuwa maelekezo ya prosesa, na kila jamii ya prosesa ina maelekezo yake: yale ya Intel na AMD hayana maana yoyote kwa ARM, na ya ARM hayana maana kwa RISC-V. Kifurushi ni matokeo ya kugeuza huko yakiwa yamefungwa pamoja na maelezo: jina, toleo, kinachohitajika ili kifanye kazi, na jamii ya prosesa kinayoifaa. Anayeandika apt install hupokea kifurushi kilichokwisha kukompailiwa na mtu mwingine, kwenye mashine nyingine. Karibu hakuna anayejiuliza mashine hiyo ilikuwa ipi.

Mtu makini atauliza: kwani kompaila iliyomo ndani ya laptopu ya Intel haiwezi kutoa maelekezo ya RISC-V moja kwa moja? Inaweza, na hutumika hivyo kila siku. Kerneli ya Linux hukompailiwa kwa njia hiyo bila tabu, kwa sababu waandishi wake waliipangia hilo tangu zamani. Tabu iko kwa wengine. Programu nyingi, kabla ya kukompailiwa, huendesha hati iitwayo configure, ambayo huichunguza mashine kwa kuandika vijiprogramu vidogo, kuvikompaili, na kuviendesha papo hapo ili ione majibu. Ukikompaili kwa ajili ya RISC-V ukiwa kwenye Intel, vijiprogramu hivyo haviwezi kuendeshwa, na hati hulazimika kubahatisha. Perl huenda mbali zaidi: huanza kwa kujenga Perl ndogo iitwayo miniperl, kisha miniperl hiyo ndiyo inayoendesha sehemu iliyobaki ya ujenzi. Maktaba za GNOME hujengwa, halafu huendeshwa ili zijieleze zenyewe, na maelezo hayo huingizwa ndani ya kifurushi. Kwa programu za aina hiyo, kukompaili ukiwa kwenye mashine nyingine kunataka viraka vingi, na kila toleo jipya huweza kuvunja kiraka cha jana.

Wako waliojitolea kuisafisha njia hiyo hata hivyo. Helmut Grohne wa Debian amefanya kazi ya miaka mingi kwenye mradi wake wa rebootstrap, unaojaribu mara kwa mara kuijenga Debian ya msingi kwa prosesa fulani kuanzia sifuri, bila kuwa na mashine ya prosesa hiyo. Kazi yake huonyesha mizunguko inayomkwamisha kila anayeanza: kompaila inahitaji maktaba, maktaba inahitaji kompaila, zana za kufungia vifurushi zinahitaji Perl, na Perl yenyewe ni kifurushi. Lazima mzunguko ukatwe mahali. Hukatwa kwa kuunda toleo pungufu la kitu, bila nyaraka na bila majaribio, kisha kulitumia kuunda toleo kamili. Hatua za mwanzo kabisa hufanywa hivyo, kwa kukompaili ukiwa nje. Inapopatikana seti ndogo ya vifurushi vinavyotosha kuwasha mfumo na kuendesha kompaila, mtu huihamishia ndani ya mashine ya kuigiza, na kuanzia hapo mfumo huendelea kujijenga wenyewe.

Mashine hiyo ya kuigiza, yaani emuleta, kwa wengi ni QEMU. Ilianzishwa mwaka 2003 na Fabrice Bellard, Mfaransa aliyekuwa tayari ameuanzisha mradi wa FFmpeg ambao hadi leo hubeba sehemu kubwa ya video za dunia. Mwaka 2005 aliieleza mbinu yake katika mkutano wa USENIX, na kiini chake hakijabadilika sana. Emuleta za kizamani zilisoma elekezo moja la prosesa ngeni, zikatenda linalotakiwa, zikasoma jingine. QEMU hufanya kama mkalimani mwenye daftari. Husoma maelekezo mfululizo mpaka inapofika kwenye njia panda, pale programu inapoweza kuruka kwenda mahali pengine. Kipande chote hicho hukigeuza kwa pamoja kuwa maelekezo ya prosesa ya mwenyeji, yaani kompyuta inayoibeba QEMU, hukihifadhi, kisha hukiendesha. Programu ikirudi pale pale mara ya pili au mara ya milioni, tafsiri ipo tayari. Vipande vinavyofuatana huungwa moja kwa moja ili mkalimani asiitwe tena kati yake. Kompaila, yenye mizunguko mingi na safari ndefu, hufaidika na mbinu hii, ingawa bado mashine huenda polepole mara kadhaa kuliko laptopu inayoibeba. Wakati mwingine mara kumi au zaidi. Hesabu za namba zenye desimali huumia zaidi, kwa kuwa QEMU kwa kawaida huzifanya hatua kwa hatua kwa programu ili matokeo yalingane na prosesa inayoigizwa hadi biti ya mwisho.

Watu huchanganya hili na mashine pepe za kawaida, zile zinazokodishwa kwenye seva za wingu. Hizo hutumia KVM au teknolojia ya kufanana nayo: mgeni na mwenyeji wana prosesa ya jamii moja, kwa hiyo hakuna tafsiri, maelekezo ya mgeni hupita moja kwa moja. Ni za haraka, na mifumo mingi ya kuunda vifurushi huzitumia ili kila ujenzi uanzie kwenye mfumo safi. Lakini KVM kwenye laptopu ya Intel haitakupa RISC-V.

Tuiangalie kazi kwa karibu. Laptopu yenye Linux na gigabaiti nane za kumbukumbu inatosha. Unaanzisha mashine kwa amri ya qemu-system-riscv64, ukiiambia, pamoja na mengine, mambo manne: bodi iwe ile iitwayo virt, prosesa ziwe nne, kumbukumbu iwe gigabaiti nne, na diski iwe faili ulilolipakua lenye Debian ndani yake. Linatokea kwanza bango la OpenSBI, programu ndogo inayoamka kabla ya kerneli na kuiandalia njia. Kisha mistari ya kerneli inashuka kwenye skrini, kwa mwendo ambao jicho linaweza kuufuata, mpaka mfumo unakuomba jina na nywila. Ukiingia, andika uname -m. Jibu ni riscv64.

Sasa leta chanzo cha kifurushi kidogo, GNU Hello, ambacho kazi yake yote ni kusalimia na ambacho kipo kwa ajili ya kufundishia. Ndani ya folda yake, dpkg-buildpackage inaanza kazi. Hati ya configure inapita ikiuliza maswali yake moja moja, na kati ya mistari ya mwanzo kuna mmoja unaouliza kama tunakompaili kwa ajili ya mashine nyingine. Jibu linaloandikwa mbele yake ni no. Kwa maoni yangu huo ndio mstari muhimu kuliko yote katika zoezi hili. Hati imekompaili kijiprogramu, imekiendesha, kimejibu. Kwa kadiri inavyoweza kujua, iko nyumbani. Hakuna kiraka kilichohitajika, hakuna kubahatisha. Mwandishi wa Hello hakulazimika kujua kwamba kuna siku programu yake itajengwa kwa prosesa ambayo haikuwepo alipokuwa akiiandika.

Kompaila inafuata, kisha majaribio, kisha kifurushi kinafungwa. Ujenzi ambao kwenye laptopu yenyewe ungemalizika kwa sekunde chache hapa huchukua dakika. Mwishoni kuna faili lenye jina linaloishia na riscv64.deb. Litoe nje ya mashine, lifungue, uangalie programu iliyomo kwa amri ya file: utaambiwa ni ELF ya biti 64 ya RISC-V. Jaribu kuiendesha kwenye laptopu, na mfumo utakataa ukisema muundo wake haueleweki.

Kukataa huko hutokea kwenye namba moja tu. Kila programu ya Linux huanza na kichwa cha habari, na ukihesabu kutoka sifuri, baiti ya 18 ndipo panapoanza namba ya jamii ya prosesa. Intel na AMD za biti 64 zina namba 62, ARM ya biti 64 ina 183, RISC-V ina 243. Kerneli huisoma, na ikiwa si yake, hurudisha faili. Ila Linux ina mlango wa pembeni uitwao binfmt_misc: unaweza kuiambia kerneli kwamba ikikutana na faili lenye 243 mahali hapo, isilikatae, ilikabidhi kwa QEMU. Hapo QEMU haiigizi mashine nzima. Hutafsiri maelekezo ya programu ile moja tu, na kila mara programu hiyo inapoomba huduma ya mfumo, kufungua faili au kuomba kumbukumbu, ombi hupelekwa kwa kerneli ya laptopu yenyewe. Hakuna bodi ya kuigiza, hakuna kuwasha. Unaingia kwenye folda yenye Debian ya RISC-V na kila kitu kinaonekana kufanya kazi, tena kwa kasi inayozidi ile ya mashine nzima.

Njia hii fupi inapendwa sana, na siishangai. Lakini nimekuja kuamini kwamba kwa vifurushi vitakavyogawiwa watu, mashine nzima ndiyo njia ya kutegemewa zaidi, na mfano mmoja unatosha kueleza. Wale waliounda programu za ARM ya biti 32 kwa njia fupi walianza kuona CMake, zana inayotumiwa na maelfu ya miradi, ikishindwa kuitambua kompaila iliyokuwepo wazi mbele yake. Chanzo kilikuwa kwenye mfumo wa mafaili wa ext4. Unapoiomba ext4 orodha ya vilivyomo kwenye folda, kila kitu hurudi na namba ya alama ya mahali, na ext4 huchagua ukubwa wa namba hiyo kwa kumwangalia anayeomba: programu ya biti 64 hupewa namba ndefu, ya biti 32 hupewa fupi. Aliyeomba, machoni pa kerneli, alikuwa QEMU, programu ya biti 64. Akapewa namba ndefu, akaipeleka kwa mgeni wake wa biti 32, na maktaba ya C ya mgeni ikakuta haiwezi kuibeba. Ikarudisha kosa, na CMake ikaendelea kana kwamba orodha imekwisha. Folda iliyojaa ikahesabiwa kuwa tupu.

Ndani ya mashine nzima kosa hilo halina pa kutokea. Mgeni ana kerneli yake, na kerneli hiyo inajua anayeomba ni nani. Vivyo hivyo kwa zana za uchunguzi kama strace na gdb, ambazo hutegemea huduma ya ptrace: kwenye njia fupi huduma hiyo haipatikani, kwa hiyo majaribio yake hayapiti, wala hayawezi kusema lolote kuhusu ubora wa kifurushi.

Mashine nzima nayo ina mambo inayoyaficha, na baadhi ni mazito zaidi. Chukua programu yenye sehemu mbili zinazofanya kazi sambamba kwenye prosesa mbili. Ya kwanza inaandika jibu kwenye kumbukumbu, kisha inainua bendera kusema jibu liko tayari. Ya pili inangoja bendera, halafu inasoma jibu. Prosesa za Intel huheshimu mpangilio wa uandishi: atakayeiona bendera ataliona na jibu. RISC-V hairuhusu kulitegemea hilo, na ARM ni hivyo hivyo. Ili kasi iongezeke, prosesa inaruhusiwa kuidhihirisha bendera kabla ya jibu, na mwandishi wa programu anatakiwa aweke kizuizi waziwazi kati ya hatua hizo mbili. Akisahau, programu yake ina kosa. Lakini ukiiendesha ndani ya QEMU juu ya laptopu ya Intel, kila uandishi wa RISC-V umetafsiriwa kuwa uandishi wa Intel, na Intel hupanga mambo kwa ukali wake uleule. Kosa halitaonekana. Majaribio yatapita yote, kifurushi kitafungwa na kugawiwa, na siku kitakapofika kwenye bodi halisi kitaanguka mara moja kwa siku mbili, bila mpangilio wowote, mikononi mwa mtu asiyejua aanzie wapi kutafuta.

Hadi toleo la 2.9 la mwaka 2017, QEMU iliyoigiza mashine nzima ilikuwa ikizipa zamu prosesa zote za mgeni juu ya uzi mmoja tu wa mwenyeji. Tangu hapo imeanza kuziendesha sambamba kweli, na makosa ya kugongana yameanza kujitokeza zaidi. Hilo la mpangilio wa kumbukumbu limebaki.

Kuna pia suala la anwani zisizopangika. Programu inaposoma namba ya baiti nane kutoka mahali pasipogawanyika kwa nane, QEMU juu ya Intel huisoma bila kusita. Baadhi ya bodi halisi za RISC-V, Unleashed ikiwemo, husimama hapo, humwita OpenSBI aisome namba hiyo kipande kwa kipande, kisha huendelea. Programu inayofanya hivyo mara nyingi itaonekana nyepesi kwenye mashine ya kuigiza na kutambaa kwenye bodi. Tena, QEMU ukiiambia iigize prosesa yenye kila kitu, hukupa hata nyongeza ambazo bodi nyingi hazina, kwa mfano maelekezo ya vekta yaliyoidhinishwa mwaka 2021. Programu inayoichunguza mashine wakati wa ujenzi itayakuta, itayatumia kwa furaha, na kifurushi kitakuwa hakifai kwa mtu yeyote mwenye bodi isiyo nayo. Ndiyo maana Debian iliweka msingi wake wa riscv64 katika kiwango kiitwacho RV64GC, na anayeunda vifurushi anapaswa kuichagua prosesa ya kuigiza kwa mkono wake, asiiachie QEMU iamue.

Kwa upande wa pili kuna mambo mazuri ambayo emuleta huyakataa, na hapa mhalifu ni muda. Majaribio mengi yameandikwa na watu wenye kompyuta za kasi: anzisha seva, ngoja sekunde moja, iulize swali. Kwenye mashine inayokwenda kwa sehemu ya kumi ya kasi, sekunde moja haitoshi seva kuamka, na jaribio linatangaza kushindwa ilhali programu ni nzima. Maktaba ya C ya GNU ina dawa ya uungwana kwa hili, kigezo kiitwacho TIMEOUTFACTOR ambacho hurefusha muda wa kusubiri kwa kiasi unachotaka. Miradi mingine haina, na mjenzi hujikuta kwenye kishawishi cha kuandika nocheck, neno linaloiambia Debian iache majaribio yote. Wakati wa kukata ile mizunguko ya mwanzo hakuna namna, na ni halali. Baada ya hapo naliona kuwa jambo baya. Kifurushi kilichoundwa kwenye mashine ya kuigiza kinahitaji majaribio kuliko kingine chochote, na afadhali kisubiri saa kumi na mbili kipite kihalali kuliko kupita kwa dakika ishirini kikiwa hakijaulizwa swali.

Subira hii ina historia katika Debian, na ilianzia kwenye mashine zilizokuwa zinazeeka. Debian 2.0, ya Julai 1998, ilikuwa ya kwanza kutolewa kwa jamii mbili za prosesa: Intel, na Motorola 68000, zile zilizokuwa ndani ya Amiga, Atari na Macintosh za awali. Mashine hizo tayari zilikuwa za polepole, na kuzigawia kazi kwa mkono kulichosha watu. Roman Hodek, aliyekuwa katika kundi hilo, aliandika programu ya buildd ili mashine zichukue zenyewe kazi kutoka kwenye foleni, ziunde, na zitoe ripoti. Mpaka leo jina hilo ndilo zinaloitwa mashine za kuundia vifurushi vya Debian, pamoja na zilizo na kasi kubwa kuliko zote. Wenye Motorola wenyewe hawakuweza kwenda na mwendo; Debian 4.0 ya Aprili 2007 ilitolewa bila wao.

Hawakuondoka. Walikuwa na ARAnyM, emuleta ya Atari, na juu ya seva za kisasa iliunda vifurushi haraka kuliko mashine halisi zilizokuwa zimebaki. Kisha Laurent Vivier akaifikisha QEMU mahali pa kuigiza Macintosh Quadra 800, katika toleo la 4.2 la Desemba 2019, na toleo la 6.0 la mwaka 2021 likaja na bodi ya 68000 ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza, yenye nafasi ya kumbukumbu kubwa kuliko Amiga za enzi ile. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kompaila za leo hula kumbukumbu vibaya, na programu kubwa za C++ zisingekompailika kamwe kwenye mashine yenye megabaiti 128. Kwa prosesa hiyo, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1979, emuleta imekuwa ndiyo mahali pa kuishi. Vifurushi vyake bado vinaundwa, nje ya toleo rasmi, na watu wasiolipwa.

Turudi kwa RISC-V, ambako familia mbili kubwa zilichukua njia tofauti. Ubuntu ilipoanza kuitolea vifurushi mwaka 2020, iliviunda ndani ya mashine za kuigiza. Ukifungua kumbukumbu za ujenzi za Launchpad, mfumo unaounda vifurushi vya Ubuntu, utayakuta majina ya mashine zenyewe yana neno qemu ndani yake. Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, ilikuwa na seva nyingi zenye nguvu, bodi za kutosha hazikuwepo, na mashine za kuigiza zinaweza kuongezwa na kupunguzwa kwa amri moja. Debian ilitumia emuleta kuanza, ikaendelea kwa mchanganyiko kwa miaka kadhaa nje ya hazina yake rasmi. Lakini Julai 2023 riscv64 ilipokubaliwa rasmi, hawakuvihamisha vifurushi vilivyokuwepo. Walianza na hazina karibu tupu, wakaingiza kiini kidogo cha kuanzia, kisha wakaunda vilivyobaki upya kwenye bodi halisi, HiFive Unmatched zikiwemo. Debian 13 ilipotolewa tarehe 9 Agosti 2025, riscv64 ilikuwa ndani yake kwa mara ya kwanza.

Mimi nauegemea uamuzi wa Debian, ingawa naelewa kwamba si kila mradi una uwezo huo. Kosa la mpangilio wa kumbukumbu nililolieleza hujitokeza, kama litajitokeza, pale majaribio yanapoendeshwa kwenye silikoni yenyewe. Vifurushi maelfu vikipita kwenye bodi halisi, kila jaribio ni ushahidi. Asiye na bodi za kutosha anaweza kufanya kilicho karibu na hapo: aunde ndani ya emuleta, kisha apeleke vifurushi vilivyokwisha kuundwa kwenye bodi moja au mbili na kuendesha majaribio huko. Kukompaili ndiko kunakokula saa nyingi. Majaribio mengi ni mepesi.

Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayetaka kuingia kwenye kazi hii hahitaji ruhusa ya mtu wala kuagiza bodi kutoka nje. Debian ina orodha ya wazi ya vifurushi vilivyoshindwa kuundwa kwa kila prosesa, na maandishi kamili ya kila ujenzi ulioshindwa. Achague kimoja kilichoshindwa kwa riscv64, akijenge ndani ya QEMU kwenye laptopu yake, aone kama kitashindwa mahali palepale. Kikishindwa, ameshika kosa linaloweza kutafutwa. Kikipita, nalo ni jambo la kuripoti, kwa sababu tofauti kati ya bodi na emuleta humwambia mwenye kifurushi atafute wapi.

Na hali ile ya mwaka 2018 imejirudia. Oktoba 2024 kiwango kipya cha RISC-V kiitwacho RVA23 kiliidhinishwa, chenye vekta na mambo mengine ya lazima. Canonical ikaamua kwamba Ubuntu 25.10, ya Oktoba 2025, itahitaji prosesa za kiwango hicho, na bodi zilizokuwa mikononi mwa watu hazikukifikia. Kwa wengi, mahali pa kuliwashia toleo hilo lilipotoka palikuwa QEMU. Vifurushi vyake vya vekta vilikuwa vimekwisha kuundwa, vikingoja prosesa za RVA23 ziingie sokoni. Zikiingia, kazi ya kwanza ya wenye bodi hizo ni kuyaendesha upya majaribio ambayo kabla yake emuleta peke yake ndiyo iliyoyajibu.